Vipande Saba na Donge la Uzi

Ijumaa hii, saa nane mchana, mwalimu wetu wa biolojia anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kutufundisha kwamba kila mmoja wetu ana ubongo. Ushahidi aliokusanya kwa muda wote huo, kwa maneno yake mwenyewe, "bado unachunguzwa."

Wasifu huu ulipaswa kuandikwa na mwalimu mwenzake. Walimu wote walibanwa na kazi, wengine wakiwa wamebanwa hapohapo chumba cha walimu, miguu juu ya stuli. Ndipo kamati ya kumuaga ikamkumbuka katibu wa klabu ya sayansi, msichana wa kidato cha nne ambaye akiitwa jina darasani huitika kwa kukohoa. Anaandika vizuri, wakasema, tena hawezi kukataa. La pili ni kweli.

Mstaafu wetu alifika hapa akiwa na nywele. Picha iko ofisini, anayebisha akaitazame. Ziliondoka kidogo kidogo, kila mtihani na sehemu yake, na zilipokwisha wanafunzi wakampa jina la Fuvu. Tuliamini ni siri yetu kubwa, mpaka siku aliporudisha madaftari yakiwa yameandikwa chini ya kila ukurasa: "Nimeona. Fuvu."

Mafanikio yake hayahesabiki. Aliahidiwa maabara mpya, akasubiri kwa utulivu miaka kumi na tisa, akapewa bomba. Maji yalifuata mwaka uliofuata, na tangu hapo hayajakoma kuvuja. Kitabu chetu ni cha Kiingereza, nasi tulikuwa tukikikariri kama kasuku na kupata alama nzuri bila kuelewa hata mstari. Yeye alikifunga, akaanza upya kwa Kiswahili. Ubongo mkuu, ule wenye mikunjo kama shati lililolaliwa, ndio unaofikiri, kukumbuka na kuamua. Ubongo mdogo, kule nyuma kwa chini, hukufanya usimame bila kupepesuka. Shina la ubongo hukupumulia hata ukiwa usingizini, "maana kazi hiyo ungeachiwa wewe, ungesahau." Na hofu akatuonyesha inapokaa, ndani kabisa, mahali padogo kama punje ya lozi. "Huyu ni mlinzi wa getini," alisema. "Kazi yake kupiga kelele. Ufunguo wa nyumba hakupewa."

Lakini hazina yake ni ubongo wa plasta, mkubwa kuliko kichwa cha mtu, wenye vipande vinane vinavyoshikana kwa vijiti vya chuma. Kipindi kikiisha, mwanafunzi wa zamu huufunga: anachomeka kimoja kimoja huku akitaja kwa sauti jina la kipande na kazi yake. Ukikwama, Fuvu hugeuka kufuta ubao mpaka ukumbuke, ili asikutazame. Kuna mmoja alikwama dakika sita. Ubao ulikuwa mtupu tangu asubuhi, na Fuvu aliufuta wote.

Miaka miwili iliyopita ubongo mdogo ulitoweka. Fuvu aliuliza mara moja tu, akatutazama, akaenda zake. Kesho yake alileta donge la uzi wa sufu wa kahawia kutoka kapu la kufumia la mkewe, akalichomeka penye pengo. Elimu ikapanda papo hapo. Kwenye mtihani, wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha pili waliandika kwamba ubongo mdogo umetengenezwa kwa sufu. Mmoja aliongeza kuwa haufai kufuliwa kwa maji ya moto. Huyo alipewa nusu alama, "kwa kufikiri."

Jumanne iliyopita mtunza stoo alikuja kukagua vifaa, kwani bila sahihi yake hakuna anayestaafu. Faili litakaa mezani hata ufikishe miaka mia. Kitabu chake kinasema ubongo mmoja, vipande vinane. Alihesabu mara tatu, kidole kikigusa kila kipande.

"Saba, Mwalimu. Na uzi."

"Basi andika naondoka na akili pungufu."

"Mimi siandiki utani, ndugu yangu. Nani kapoteza?"

Katibu wa klabu alikuwa nje ya dirisha na trei ya mirija. Alisubiri Fuvu aseme "hawa watoto," kama mwalimu yeyote angesema. Fuvu alisema, "Andika mimi. Kimepotelea mikononi mwangu."

Sasa niache kujiita katibu. Ni mimi. Nilikuwa nikiingia maabara wakati wa chakula kujizoeza kutaja vipande, kwa sababu mbele za watu ulimi wangu hugeuka jiwe. Siku hiyo nilishika mkononi kipande kinachomfanya mtu asimame wima, nikateleza kwenye maji ya lile bomba la miaka kumi na tisa. Kilipasuka katikati. Nilikiunga kwa gundi nyumbani, nikakificha ndani ya soksi, na kila Jumatatu nikaapa kukirudisha. Mama alipokusanya nguo za kufua aliinua soksi, akauliza, "Mwanangu, hili jiwe la nini?" Nikamwambia la shule. Sikudanganya.

Tangu wiki ile jina langu halikutokea tena kwenye orodha ya zamu. Nilidhani ni bahati. Sikujiuliza orodha huandikwa na nani.

Shule inampa Fuvu saa ya ukutani, zawadi mwafaka kwa mtu asiye tena na pa kuchelewa. Ukumbi umejaa madawati ya mtihani, kwa hiyo tunaagana hapa hapa maabara, karibu na bomba. Kwenye ratiba mtaona kipengele cha sita hakina jina. Kamati ilidhani nimesahau. Cha sita ni mimi. Soksi ninayo mfukoni, mstari wa gundi unaonekana waziwazi, na Bwana Stoo asisahau kalamu. Nitaufunga ubongo mbele yenu nyote, vipande vinane, kwa sauti.

Mwalimu, ahsante. Uende na afya, upumzike hadi uchoke kupumzika, na nywele zikikumbuka njia, zirudi. Donge la mkeo tunamrudishia kapuni mwake. Ombi ni moja tu: nikikwama, geuka ufute ubao.