Viatu Mkononi, Chini ya Bahari

Basi la Bagamoyo lilikuwa limeipita Kunduchi pale Bi Jokha alipoifunua picha aliyoileta mposaji wa mpwa wake badala ya barua ya posa. Hamed, aliyefunzwa katika shule ya bweni kwamba kila jambo lina utaratibu wake, alinyoosha shingo kutoka kiti cha nyuma. Katika mchoro huo, chini ya bahari, samaki waliovaa kanzu walikuwa wakinywa kahawa barazani, taa ikiwaka, na mpwa mwenyewe amesimama mlangoni, viatu mkononi.

"Huyu anatoroka, bibi," akasema mzee aliyeketi kando ya Bi Jokha. "Kataeni posa."

"Anaingia, baba! Nani huingia nyumba ya watu na viatu miguuni?"

"Viatu huachwa mlangoni, havibebwi."

"Awaachie samaki wale? Wangevivaa!"

Abiria wakaangua kicheko. Hamed hakucheka; kwake yeye, taa haiwaki majini.

"Kaka yangu, baba wa binti, ndiye atakayeamua leo," akasema Bi Jokha, na basi likasimama mbele ya nyumba ya kaka huyo.

Akashuka na picha yake. Mlangoni alilala mbuzi, akitafuna kipande cha mkeka. Bi Jokha akavua viatu, akamtazama mbuzi, akaingia navyo mkononi.

Dirishani mwa basi, Hamed akajikuta anacheka peke yake.