Kaka Yetu Ndoano, Aliyeacha Kuita

Ndugu, jamaa na marafiki mliotusindikiza mpaka hapa, kaka yetu tunayemzika leo alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Baba alikuwa fundi mwashi na mama aliuza maziwa. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Mimi ninayesoma ndiye niliyemfuata. Tuliachiana ziwa, na nadhani hakunisamehe kwa hilo, maana tuligombana tangu siku hiyo mpaka wiki iliyopita. Mtaani alikuwa Fundi Cherehani. Bwawani, na baadaye hata nyumbani, alikuwa Ndoano.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kuanzia 1959 hadi 1966. Walimu walisema ana akili ila macho yake yako dirishani, na dirisha lile lilitazama bwawa. Dawati lake lilikaliwa na watatu. Wa pili alikuwa mtoto wa jirani, ambaye sote tunamwita Dereva kwa kuwa aliendesha malori mpaka alipostaafu. Wa tatu aliitwa Mwalimu tangu utotoni, kwa sababu hakuweza kumsikia mtu akikosea akanyamaza. Na kweli alikuja kuwa mwalimu, wa hesabu. Watatu hawa walikunja pini za mama zikawa ndoano. Baba aliipata habari siku alipokaa kwenye kochi akainuka upesi kuliko alivyokaa. Alipouliza nani kafanya hivi, kaka yetu alijibu kwa adabu zote, "Baba, hiyo ni ya samaki wadogo tu."

Mwaka 1967 alianza kujifunza kutengeneza cherehani mbovu kwa fundi wa sokoni, na mwaka 1972 akafungua chumba chake nyuma ya duka la vitambaa. Wengi wenu mnakijua: benchi moja, taa ya kuvuta chini, visahani vya skrubu, na harufu ya mafuta ya mashine ambayo haikumtoka hata siku ya harusi. Alikuwa akizungusha gurudumu la cherehani taratibu kwa mkono, kafumba macho, anasikiliza. Mteja akimuuliza, "Fundi, itapona?" alimjibu, "Hii haiumwi, mama. Imekuchoka tu wewe."

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1975, na fundi nguo aliyekuwa akimletea cherehani yake. Dereva na Mwalimu walilalamika waziwazi kwamba siku imechaguliwa vibaya, kwani Jumamosi ni ya bwawani. Wifi yangu aliingia kwenye ndoa na sharti moja, kwamba mbwa halali ndani. Bwana harusi akakubali bila ubishi, nasi tuliomjua tukashangaa. Mvua ya kwanza iliponyesha, mbwa, wakati huo bado mtoto, alikaa mlangoni akilowa, wala hakulia. Aliyeamka kumfungulia ni wifi mwenyewe, na aliyemfuta kwa taulo la harusi ni yeye huyohuyo. Kaka aligeukia ukutani akajifanya amelala. Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Hapa inafaa niwaeleze habari za mbwa. Samaki wa wavuvi wa mshipi hurefuka njiani: akitoka majini kama kiganja, akifika mtaani ni kama mkono mzima. Kwa kuwa hatukuwa tukiwaamini, kaka alimwita mbwa wake wa kwanza Shahidi. "Asiyeamini amuulize Shahidi," ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila mwenye shaka. Baada ya Shahidi alikuja Karani, na wa mwisho ni Hakimu, mwenye uso mzito, ambaye hukutazama kama mtu anayekaribia kutoa hukumu. Tulimtania kaka kwamba nyumba yake imegeuka mahakama na mhalifu ni yeye.

Sasa nafika mahali ambapo kamati ya mazishi iliniambia nipapite upesi. Sitapapita upesi. Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 1989, mvua ilikuwa imenyesha na mawe ya ukuta wa bwawa yalikuwa yanateleza. Kaka alinasa kambare mkubwa. Kwa wavuvi hawa kuna sharti moja lisilovunjwa: samaki wa mtu haguswi mpaka mwenyewe aite. Akishaita, aliye karibu huja na wavu wa mpini na kumwinua samaki, kwa sababu samaki mkubwa hatolewi na mtu mmoja. Kaka akaita, "Lete wavu, haraka!" Mwalimu akauchukua wavu, akaja mbio juu ya ukuta huku akicheka. Aliteleza, akaangukia upande wa mlango wa kufungulia maji, penye mkondo mkali. Shahidi aliruka kumfuata. Kaka naye alitupa fimbo ya kuvulia akajirusha, na lau Dereva asingemshika ukosi wa shati, tungezika wawili. Mbwa alirudi akitapika maji. Mwalimu alipatikana kesho yake.

Msibani, mke wa Mwalimu alimwita kaka kando. Nilikuwa nimesimama karibu nao, na maneno yao nimeyahifadhi.

"Shemeji," alimwambia, "wewe hukumsukuma. Ulimwita tu, na rafiki akiitwa huenda."

Kaka akajibu, "Ndiyo hiyo, shemeji. Nilimwita."

Tangu siku hiyo kaka yetu hakumwita mtu tena. Shahidi naye hakuyakaribia maji. Kila Jumamosi alifika mpaka getini, akasimama, akarudi kulala chini ya benchi, na miaka miwili baadaye alikufa kwa uzee, akazikwa nyuma ya karakana. Kaka alirudi bwawani baada ya mwaka mzima, na hata hapo ni kwa sababu Dereva alikuja kumgongea mlango bila kuchoka. Lakini samaki mkubwa aliponasa, kaka alipambana naye peke yake, midomo imekazwa, mpaka mshipi ukakatika. Dereva alisimama pembeni na wavu mkononi, anasubiri kuitwa. Ameniambia kwamba hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama kushika wavu ule.

Na mambo hayakuishia bwawani. Cherehani za kiwandani, ambazo hubebwa na watu wawili, alizipandisha ngazi mwenyewe. Siku moja alirudi nyumbani mkono umevunjika, kaufunga kwa futi ya kupimia nguo, akamwambia mkewe, "Nimejigonga kidogo." Mabinti walikua wakijua kwamba baba hatumi mtu maji wala haombi kuletewa viatu. Wageni walimsifu kuwa ni mtu asiye na usumbufu. Sisi wa nyumbani tungefurahi mno kusumbuliwa.

Ugonjwa ulimwingia kimyakimya. Aliyeugundua ni wifi, tena kwa kazi yake: alikuwa anapunguza suruali za mumewe kiunoni, kisha anazipunguza tena. Alipouliza, akaambiwa, "Ule unene ulikuwa wa kuazima." Januari 2023 alianguka karakanani, Hakimu akabweka mpaka mwenye duka la vitambaa akaja. Daktari alimuuliza maumivu yalianza lini.

"Juzijuzi," alisema kaka.

"Juzi ya mwaka gani?" wifi akamuuliza.

Ilikuwa saratani ya tumbo, na ilikwisha kuenea. Daktari alisema kwa upole kwamba angeletwa mapema kidogo mambo yangekuwa mengine. Tulitoka pale hatutazamani.

Aliuguzwa sebuleni, kitanda kikiwa karibu na dirisha na Hakimu chini yake. Dereva alikuja kila Jumamosi, akaketi kwenye kiti cha plastiki na kumsimulia samaki ambao nina hakika hakuwavua. Jumamosi ya tarehe 3 Juni kaka alimkatiza.

"Dereva, mbwa huyu mchukue. Nakuomba."

Dereva alisogeza kiti karibu. Halafu akasema, "Umesema unaniomba?"

"Nakuomba. Na unigeuze ubavu. Siwezi peke yangu."

Dereva alimgeuza, akampangia mto, kisha akatoka uani akashika pipa la maji akalia kwa sauti. Sisi jikoni tulidhani kaka amekata roho. Tulipoambiwa kilichotokea, tukalia zaidi.

Tangu hapo alituomba kila kitu. Fungueni dirisha. Nikuneni mgongo, sio hapo, juu kidogo. Nipeni maji, haya ya moto, leteni mengine. Tulikimbilia kitanda kile tukisukumana kama watoto wanaogombea kutumwa dukani. Jumapili alisema, "Niitieni mke wa Mwalimu." Mama wa watu alikuja na kanga aliyokuwa anapikia, ndara miguu tofauti, anahema. Alipofika mlangoni alisema, "Shemeji, umeniita, nimekuja." Kaka aliomba amshike mkono, naye akaushika mpaka alipolala. Jumanne asubuhi, tarehe 6 Juni 2023, wakati mkewe akimbadilishia shuka, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Nilikusudia kuandika wasifu wa heshima, na heshima yake haina doa: hakumdhulumu mteja, hakumpiga mbwa, hakumnunia mkewe zaidi ya siku moja. Lakini nina majonzi na nina hasira, na vyote viwili ni kwa sababu nilimpenda. Siku zile tatu alizoturuhusu kumhudumia zilikuwa tamu kupita kiasi. Tungeweza kuwa nazo miaka thelathini na zaidi.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, na wadogo zake wawili, mimi nikiwa mmojawapo. Ameacha pia rafiki yake Dereva, na shemeji yake, mke wa Mwalimu, ambao familia imeamua wakae leo kwenye safu ya wafiwa, na asiwaondoe mtu. Hakimu yuko kwa Dereva, anakula vizuri.

Mungu akupokee, kaka, akulaze pema. Ungetuita mapema, tungekuja. Sote tungekuja.