Maputo Ukumbi Mzima

Muuguzi alitoka kazini hoi, akatamani kusinzia ndani ya treni, lakini kiti cha mbele yake kilikuwa na maandalizi ya harusi. Mama mmoja, aliyeona pampu ni anasa, alikuwa akijaza maputo kwa mdomo, mashavu yamemtuna, na wifi yake akiyafunga.

"Wifi, utazimia kabla ya vigelegele," alisema wifi. "Haya yanatosha. Tuyaweke nyuma ya viti vya maharusi tu, picha zote zitapigwa hapo."

"Na wageni wa nyuma watazame ukuta mtupu? Huyu ni kitinda mimba wangu, sitaki kusemwa."

"Mgeni wa nyuma hatazami ukuta, wifi. Anatazama sahani."

Mama akapuliza kwanza, kisha akajibu kwa sauti ya chini, "Sahani ndizo nilizopunguza nikanunua haya."

Usingizi ukamruka muuguzi. Wifi aliachia puto ambalo hakuwa amelifunga, likaruka likipiga mluzi hadi kwenye kofia ya abiria mmoja.

"Yaani watu watoke makwao waje kushiba pumzi zako?"

"Kwani njaa inaonekana kwenye picha?"

Treni ikasimama. Wakashuka wakibishana, maputo yakigombania mlango, na muuguzi akabaki ameegemeza sikio dirishani, asikie wifi atajibu nini.