Mahmudi bin Gharibu na Mkono Alioufukia Bara ya Lindi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyetupa ndugu huyu na leo amemtwaa. Marehemu Mahmudi bin Gharibu alizaliwa hapa Chovai mwaka 1881, mtoto wa kwanza wa marehemu Gharibu bin Aboud, fundi wa vyombo, na Bibi Arafa.

Alihitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja. Baba alimfundisha useremala, mjomba akamfundisha kuosha maiti. Mwaka wa ndui, watoto wengi wa kisiwa hiki waliandaliwa kwa mikono yake.

Mwaka 1904 alimuoa Mwanalima wa Burgao. Kitanda cha harusi alikiundia chumbani, kikawa kikubwa kuliko mlango. Walipohama ilibidi ukuta uvunjwe, na mkewe alimtania kwa hilo mpaka wiki iliyopita.

Mwaka 1910 alikwenda Lindi pamoja na Famau wa Ngumi. Bara ya huko Wazungu walichimba mifupa ya wanyama wa kale, na Mahmudi aliwaundia masanduku. Siku moja Famau alimletea mkono mdogo wa mifupa, wenye vidole vyembamba, umeganda katika udongo. Mahmudi alidhani ni wa mtoto. Alimuuliza msimamizi, Abdulkadiri, kama pale palikuwa na makaburi, akaambiwa hapana. Hakuridhika. Aliufunga mkono kwa kitambaa cheupe, akausalia na kuuzika.

Kesho yake taya likachimbuliwa. Abdulkadiri akamwita: "Fundi wa makaburi, njoo umtazame mtu wako. Ana meno ya msumeno." Kumbe alikuwa mnyama mdogo mla nyama, mwenye miguu kama ya ndege. Mifupa yake ilikuwa michache, na wa pili wa namna yake hakuonekana tena.

Mkono ulipotafutwa, lawama ilimwangukia Famau, aliyeuchimbua na asiyemtaja mwenzake. Alifukuzwa kama mwizi. Mahmudi aliona haya kusema kwamba amemsalia mnyama, akanyamaza miaka kumi na tano.

Novemba iliyopita alishikwa na kifua. Alipojua haponi alitueleza yote, akaomba Famau aitwe. Alifariki leo alfajiri, Jumapili tarehe 8 Februari 1925. Famau alifika saa tatu, tukiwa tunamuosha.

Nilimchukua uani, nikamweleza, nikamwomba amsamehe maiti. Famau akasema, "Nimeoza mabinti wawili, na mara zote mbili wakwe waliuliza habari ya mfupa. Nawe waniambia uani. Semeni mbele za watu, kisha niulizeni."

Mama yetu, Bibi Arafa, alikataa. "Alisitiri aibu za maiti wote wa kisiwa hiki," alisema, "yake ndiyo isomwe?"

Mwanalima akamjibu kwa upole, "Mama, anayeibeba si yeye, ni Famau. Soma, shemeji."

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto watatu, Zaituni, Aboud na Zakia, nami nduguye, Ishaq. Mkono uko hatua thelathini kutoka kibanda cha seremala, upande wa kibla. Anayesafiri Lindi na apeleke habari.

Famau hakuiba kitu. Amesimama hapa nasi, na jeneza bado halijainuliwa. Sasa, Bwana Famau, nakuuliza mbele za watu: umemsamehe ndugu yangu, apate kulala kwa amani?