Historia ya Egya Kobina Eduafo, Aliyekataa Mashine Mpya

Egya Mbroh mkuu wa ukoo wetu, mchungaji, majirani, na ninyi nyote mlioacha mashamba yenu mkaja kukaa nasi chini ya mahema haya, familia imemtuma Ato Abakah, mwana wa dada wa marehemu, aliyesimama hapa mbele yenu, awasomee alikotoka mjomba wetu na alikofikia, na mtamvumilia kwa sababu sauti yake tangu jana si nzima.

Egya Kobina alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, hapa hapa Nkwantado, mtoto wa tatu wa marehemu Egya Kwaw Eduafo na marehemu Maame Abakoma, akasoma shule ya misheni ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1956, kisha akaenda shule ya ufundi Takoradi, akahitimu ufundi mitambo mwaka 1969, na walimu wake walimsifu kuwa ni hodari ila hapendi kuelekezwa, jambo ambalo sisi tuliokula naye sahani moja hatukuhitaji cheti kulijua.

Mwezi Januari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha mawese ng'ambo ya mto Pra, akakitumikia mpaka kilipofungwa mwaka 1986, na akiwa huko ndipo alipomwoa Mama Esi Yamoaba, tarehe 18 Desemba 1976, mama aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto watatu, Fiifi aliye Tema, Jojo aliye Italia anayetusikiliza kwa simu, na kitinda mimba Kuukua, aliyezaliwa mwaka 1994.

Kiwanda kilipofungwa, ukoo ulichanga ili marehemu aanzishe kiwanda chetu wenyewe, na mwaka 1987 mbele yake kulikuwa na njia mbili, mashine mpya ya kukamua mawese, aliyoileta wakala kutoka Tema katika picha, inayong'aa, yenye sharti kwamba ikiharibika ifunguliwe na fundi wao tu, na mashine ya mtumba, ile ile aliyoihudumia miaka yote ng'ambo ya mto, iliyokuwa inauzwa kama chuma chakavu. Mama Esi aliitaka mpya, akasema hiyo angalau itawaachia Jumapili yao, lakini marehemu alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Mashine nisiyoruhusiwa kuifungua si yangu, ni ya aliyeniuzia," na watu wakapiga makofi, maana ni neno la kiume, na wengi wenu mliopiga makofi mmeketi hapa.

Basi akanunua ya mtumba, na kweli ilikuwa ya kufunguka, ikafunguka Jumatatu, ikafunguka Jumatano, ikafunguka siku ya ubatizo wa Fiifi, na kila kipuri kilipokwisha, kwa kuwa waliokitengeneza walishaacha kukitengeneza, marehemu alichonga chake, leo ekseli ya lori, kesho springi ya trekta, hadi ikawa hakuna fundi mwingine chini ya jua anayeweza kuiwasha, naye kwa ubishi wake hakumfundisha mtu. Chikichi zikishavunwa hazingoji, zikilala siku tatu mafuta yanachacha, kwa hiyo marehemu hakulala nje ya Nkwantado kwa miaka mingi mno, wala hakuwahi kuiona nyumba ya mwanawe Tema, na Mama Esi alizoea kumwambia mbele ya wageni, "Mimi ni mke mdogo, mkubwa yuko kiwandani."

Mwaka 2008 wakala mwingine alikuja na mashine mpya isiyo na masharti, na hapo, ndugu zangu, mjomba alitamani, tena alitamani sana, lakini ile mpya ilihitaji watu wanne tu, na uani kwake kulikuwa na kina mama ishirini na wawili, wajane wengi wao, wanaochambua na kuchuja kwa mikono, akamrudisha wakala, akaenda kuiwasha ile ya zamani. Ya zamani hakuwa na wa kumuuzia, mpya hakuwa na moyo wa kuinunua.

Mwezi Aprili 2016, katikati ya msimu, marehemu alivunjika mkono, akamwita Kuukua kutoka chuo cha wakunga, Cape Coast, kwa wiki mbili tu, kwa kuwa yeye peke yake, aliyekulia miguuni pa mashine, aliweza kujua kwa mlio kwamba inataka kukwama. Mkono ukapona vibaya, wiki mbili zikawa msimu, msimu ukawa miaka, chuo kikampa nafasi yake mtu mwingine, na kijana wa Obuasi aliyekuja na chupa za schnapps, pombe ya posa, aliambiwa asubiri chikichi zipungue, akasubiri weee, akaoa kwingine. Sisi tukasifu, tukasema binti huyu ni baba yake mtupu.

Agosti 2022 marehemu alipatwa na kiharusi, akatibiwa hospitali ya wilaya na nyumbani, mpaka Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, alipokata roho alfajiri.

Hapa wazee walishauri historia hii iruke moja kwa moja hadi shukrani, kwa sababu kiwanda ni mali ya ukoo na kimesomesha wengi, lakini kwetu mali humfuata mwana wa dada, na mwana wa dada ndiye anayesoma, kwa hiyo atasoma. Siku mbili kabla ya kufa mjomba alimshika mkono akamwambia, "Ato, nilikataa kufungwa na wakala, nikamfunga mwanangu. Nikifa, izimeni."

Kina mama wa uani waliambiwa wiki iliyopita, na Maame Tekyiwa, mkubwa wao, akauliza sasa wao waende wapi, mna haki ya kumkasirikia Ato, naye hatawakimbia. Kuukua naye alipoambiwa hakulia wala hakucheka, aliuliza tu nani ataitia grisi beringi kabla ya chikichi za Machi.

Hakuna, dada yangu. Hakuna mtu, na si kazi yako tena.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kitandani kwa upole, majirani mliotupikia, wafanyakazi wenzake wa ng'ambo ya mto mliokuja kwa miguu na magongo yenu, na kanisa, Mungu awarudishie.

Egya, mzee wetu, mashine tumeizima jana alasiri, na Kuukua alisimama karibu yake mpaka ikapoa. Pumzika kwa amani.