Kahawa ya Kiwanjani ya Bi Radhia

Bi Radhia binti Sinan ameitumikia ofisi yetu ya huduma za jamii hapa Ibra, Oman, kwa miaka ishirini na saba, na anastaafu rasmi Alhamisi hii, tarehe 30 Aprili 2026. Wasifu wake wa Kiarabu umeshasomwa na mudiri, mkuu wetu wa ofisi, na ulikuwa mrefu kama khutba. Huu ni wetu wa Kiswahili, sisi aliotupokea.

Alizaliwa Ujiji, baba Mwomani mwenye asili ya Mudhaibi, mama Mmanyema. Baba alipofariki, aliyemlea ni kaka yake wa tumbo moja, Sudi, fundi cherehani. Baba yake Sudi alikuwa mtu wa huko huko Ujiji. Kwa hiyo ami yake Radhia alipohamia Oman alimchukua yeye, aliyekuwa na haki ya uraia kwa baba yake, naye Sudi akabaki stesheni ya Kigoma akipunga kofia. Radhia alikuwa na miaka kumi na mitano.

Kazi yake hapa ilikuwa kupokea familia za Waomani zinazorudi kutoka Bujumbura, Goma, Tabora na kwingineko. Zilikuja na maneno yale yale: kiwanja cha serikali, hospitali ya bure, ruzuku. Wengi walikuwa radhi kukaa popote, mradi kiwanja kitoke upesi. Mmoja aling'ang'ania Sur, mji wa pwani, kwa kuwa shemeji yake alimsifia upepo wa mtaa wa huko wa Aija, mwingine hakuuliza hata kama pana maji. Bi Radhia hakumcheka mtu. Alijua shida inavyomchagulia mtu makazi.

Ila alikuwa na mtindo wake. Kabla familia haijatia saini, aliipeleka kukiona kiwanja kwa gari lake mwenyewe, akiwa na mkeka, tende na dele la kahawa. Wakakaa katikati ya mawe, wakanywa, huku yeye akimsubiri jirani. Akitokea mtu wa kuuliza wageni hawa ni nani, alimmiminia kikombe na shughuli ikaisha, saini ikatiwa. Kahawa ikipoa bila mtu kuja, aliwarudisha ofisini kuomba pengine, hata kama ni kungoja mwaka mwingine. Kila mara aliwaambia, "Ardhi mtapewa, habibi. Jirani hayumo kwenye ruzuku."

Kwa Mzee Ishak, aliyefika kwanza alikuwa mbuzi, na akazimaliza tende zote. Bi Radhia akasema huyu katumwa, tungojeni. Haukupita muda mwenye mbuzi akafika anahema, akaomba radhi, akakaa kunywa. Leo watoto wa nyumba hizo mbili wameoana. Mzee Ishak yupo nasi hapa, na ameshauliza kwa nini mbuzi hakualikwa.

Alipojiweza, Bi Radhia alimleta Sudi kwa kibali cha kazi, naye akashona kanzu katika duka moja nyuma ya soko kwa karibu miaka ishirini. Ijumaa walikula pamoja bila kukosa, na sisi wadokozi tulijua saa ya kupita. Kisha macho ya Mzee Sudi yakaanza kumwacha. Kibali chake kilitegemea kazi, na kazi ilitegemea macho. Bi Radhia, aliyewafungulia wengine milango mingi, alibisha kila mlango aliokuwa akiujua na hakufunguliwa. Mwaka jana alimsindikiza uwanja wa ndege. Kesho yake alikuja kazini mapema, akapokea familia ya watu tisa. Tulimpa chai.

Mzee Sudi sasa anaishi chumba kimoja Ujiji. Katika simu yake ya kwanza alieleza kwamba alikaa barazani na kahawa yake tangu asubuhi mpaka ikapoa, na hakuna aliyesimama kumsalimu. Wa rika lake wamekufa na vijana hawamjui. Bi Radhia alikata simu, akaomba karatasi za kustaafu ili amfuate.

Tulimkatalia, tusiseme uongo. Bado miaka mitano tu afike sitini apate ruzuku ya wazee, na anajua kuliko sisi sote kuwa ruzuku hiyo haimfuati mtu nje. Pensheni ya kuondoka mapema ni ndogo. Nyumba yake Mudhaibi ina kivuli na majirani aliowachagua mwenyewe. Mimi Khulood nilimwambia abaki, atume pesa.

"Natuma, mwanangu, wallahi natuma," alinijibu. "Lakini pesa haimshiki mkono ikampeleka msikitini."

Nina huzuni tu, na hasira kidogo ambayo sijui nimpe nani. Meza yake inakabiliana na yangu, na Jumapili, wiki ya kazi ikianza, nitakuja nikiangalia ukuta.

Asante, Bi Radhia, kwa kila familia uliyoikalisha mahali penye watu. Mkeka umetuachia, nasi tutautandika. Dele unaondoka nalo, na ndivyo inavyostahili. Mungu akupe maisha mema na afya huko uendako. Na asubuhi ya kwanza, Mzee Sudi atakapotoka barazani na kahawa yake, ikiwa bado ya moto, jirani awe ameshafika.