Kamera ya Kijivu Ilibaki Nyumbani

Siku ile, hapa Wawi, tulikuwamo chumbani sita: baba mkwe wangu, Mzee Burhanuddin, kitandani; mama mkwe, Bi Ruqaiyabai; mume wangu, Husein; wifi yangu, Ummehani; jirani yetu Bi Mwanakhamis, aliyemletea mzee uji kila asubuhi tangu augue; na mimi, Rumana, nikiwa na mwanangu kifuani. Husein aliniambia niandike maneno ya mzee. Niliandika hivi.

Nisikilizeni, wanangu, wala msinikatize, pumzi niliyonayo ni kidogo. Nyumba na duka la picha vitagawiwa kisheria, Shehe atakuja, sina la kuongeza. Langu ni hizo kamera mbili za kabatini, maana nawasikia mnazigombania huko ukumbini mkidhani nimelala. Husein unataka nyeusi kwa kuwa inang'aa, na vijana wa mjini wanazitafuta tena kamera za mkanda. Ummehani unataka ya kijivu kwa kuwa ndiyo niliyokufundishia. Mnasema zote ni mamoja, ukibonyeza kitufe lenzi inatoka, ya karibu inakuwa ya mbali. Si mamoja. Nyeusi ukiipeleka mbali inakula mwanga, na taa yake haifiki hatua nne; juani ni nzuri, ndani ya nyumba itakupa kivuli. Ya kijivu ni nzito na inalia kama cherehani, lakini taa yake inafika, na uso inautoa hata ukisimama mlangoni. Atakayeuza nyeusi amwambie mnunuzi hivyo hivyo.

Mwanakhamis, usende. Weka hilo bakuli chini, haya ni yako.

Mwaka wa tisini na tatu Mwanakhamis huyu alinitumia mtu kuniita. Mwanawe, Khairat, alikuwa na homa siku ya tisa, na mama hakuwa na picha yake hata moja. Mumewe alikuwa safarini, nami si maharimu wake, chumbani singeingia. Nilijua nitasimama mlangoni na kupiga kwa lenzi ya mbali. Kazi hiyo ni ya kamera ya kijivu. Lakini ndani yake mlikuwa na mkanda wa harusi ya tajiri mmoja wa Mkoani, zimebaki picha tatu, nikazifanyia choyo. Nikachukua nyeusi. Mtoto akafa kesho yake. Nilipousafisha mkanda, uso haumo. Umo mkono wa mama, na giza.

Nikamwambia mkanda umeungua kwa dawa. Yeye, juu ya msiba wake, akanipa pole mie kwa hasara ya mkanda. Miaka yote hii pole ile imenikaa hapa, na sasa nala uji wake.

Picha ile sikuitupa. Imo katika boksi la karatasi, chini kabisa. Ummehani, mpe, si ya urithi. Mwanakhamis, nakuomba radhi. Si lazima leo... ukiweza. Wanangu, msigombane. Mtizameni mama yenu. Rumana, mlaze mtoto, mkono wako umechoka. Mungu akuwekeeni... akupeni... Ruqaiya, maji.

Bi Mwanakhamis ndiye aliyemwinua kichwa akamnywesha. Mzee alifariki Alhamisi adhuhuri. Bi Mwanakhamis alikuja msibani siku zote tatu, akatupikia. Picha hajaja kuichukua.